Mama wa Katikati: Afya ya Wanawake wa Kizazi cha UPE katika Pwani ya Majita

Siku ya kliniki ya watoto, mabenchi ya zahanati za ukanda wa ziwa mkoani Mara hujaa kina mama. Wengi ni vijana wanaonyonyesha, lakini miongoni mwao huonekana pia wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa, wamebeba watoto wasio wa matumbo yao. Tuchukue mfano wa mama wa Bukima mwenye umri wa miaka 54. Asubuhi hiyo amemleta mjukuu wake kupata chanjo. Mkobani ana daftari la matibabu la mama yake mzazi, mwenye miaka 80, ambaye dawa zake za shinikizo la damu zimekwisha. Mjukuu anapimwa uzito na kuchanjwa. Daftari la bibi linaandikwa na dawa zinatolewa. Muuguzi anasema, "Haya mama, safari njema." Naye anajibu, "Asante mwanangu," kisha anashika njia ya mwaloni kwenda kuanua dagaa wake.

Amekaa zahanati kwa saa tatu na hakuna aliyempima yeye. Kwa wiki kadhaa hajalala vizuri, kichwa kinamuuma alfajiri, na mwezi uliopita aliona matone ya damu mara mbili, ilhali hedhi yake ilikoma miaka miwili iliyopita. Hakuulizwa, naye hakusema, kwa kuwa hakwenda pale kwa ajili yake.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini hali yake inajulikana kwa kila mtoa huduma aliyefanya kazi katika vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama. Makala haya yanaeleza mizigo inayowaelemea wanawake wa rika hilo, namna mizigo hiyo inavyogeuka kuwa maradhi, na hatua ambazo wao wenyewe, familia zao na watoa huduma wanaweza kuzichukua.

Kizazi hiki ni kipi?

Wanawake wanaozungumziwa hapa walizaliwa kati ya miaka ya mwisho ya 1960 na miaka ya mwisho ya 1970, yaani baada ya Azimio la Arusha la 1967. Wengi wao walikuwa wadogo wakati familia zilipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa katikati ya miaka ya 1970. Ni kizazi ambacho historia yake ina uhusiano wa pekee na mkoa wa Mara, kwani ilikuwa mjini Musoma, Novemba 1974, ambako Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Azimio hilo lilitaka watoto wote wa umri wa shule waandikishwe katika elimu ya msingi ifikapo 1977. Mpango huo ulijulikana nchini kote kwa herufi tatu za UPE, na wasichana wa Majita waliingia darasani kwa wingi ambao mama zao hawakuujua.

Mlango huo ulikuwa mpana mwanzoni na mwembamba mwishoni. Shule za sekondari zilikuwa chache mno, na wengi wa wasichana waliomaliza darasa la saba katika miaka ya 1980 hawakuchaguliwa kuendelea. Wakati huohuo nchi ilikuwa imetoka katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na sabuni, sukari na nguo zilipatikana kwa foleni. Msichana aliyejua kusoma na kuandika alirudi shambani na ziwani, akaolewa mapema, akaanza kuzaa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi.

Miaka yake ya uzazi iliangukia katika zama za marekebisho ya uchumi yaliyoshika kasi kuanzia 1986. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali za umma mwaka 1993. Ada za shule za msingi zilirudi, na hazikufutwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. UKIMWI, uliogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, ulikuwa ukichukua ndugu, dada na wakati mwingine waume, huku dawa za kupunguza makali ya VVU zikianza kutolewa bila malipo mwaka 2004 tu. Wanawake wengi wa kizazi hiki walilea yatima wa ndugu zao wakiwa bado wanalea watoto wao wa kuzaa.

Ndiyo sababu mwanamke wa miaka 50 wa leo hafiki katika umri huu akiwa mwenye nguvu kamili. Anafika akiwa na historia ndefu ya uzazi wa karibukaribu, kazi nzito, misiba na kujinyima.

Juu yake wazee, chini yake wajukuu

Mzigo wa kwanza uko juu yake. Watu wanaishi miaka mingi zaidi kuliko zamani, na mama mzazi au mama mkwe mwenye miaka 75 au 85 huhitaji kuogeshwa, kulishwa na kupelekwa hospitali. Kwa desturi kazi hiyo ni ya binti au mke wa mwana, na mara chache huonwa kuwa ni kazi. Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote inayofanana na ile iliyoanza Zanzibar mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi. Hivyo mkulima au mvuvi aliyezeeka hutegemea mikono ya wanawe.

Mzigo wa pili uko chini yake. Watoto wake wamekwenda Mwanza, Dar es Salaam au machimboni kutafuta maisha, na wajukuu wamebaki kwa bibi. Fedha za matumizi huja mwezi huu na kukosekana mwezi ujao. Bibi ambaye angetazamia kupumzika anaamka tena usiku kwa ajili ya mtoto mwenye homa.

Mzigo wa tatu ni riziki. Katika vijiji vya kando ya ziwa, wanawake wameshika kazi ya kununua, kuanika na kuuza dagaa. Zamani walikausha na kuuza pia samaki wakubwa. Sangara alipoenea ziwani katika miaka ya 1980 na viwanda vya minofu kufunguliwa Mwanza na Musoma katika muongo uliofuata, samaki huyo alianza kununuliwa na magari ya viwanda moja kwa moja kutoka mwaloni, na sehemu kubwa ya biashara hiyo ikawatoka mikononi. Dagaa walibaki kwao.

Biashara ya dagaa hufuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wenye giza, hivyo siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika na kipato husimama. Mvua nazo zikinyesha mfululizo, dagaa hawakauki vizuri, na mzigo uliokusudiwa kwa chakula cha watu huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Kwa upande wa pili, mtaji wa biashara mara nyingi ni mkopo wenye marejesho ya kila wiki, uwe wa kikoba au wa wakopeshaji wa mitaani ambao wananchi wamewabandika jina la "kausha damu". Marejesho hayo hayangoji giza la mwezi. Wiki ya mbalamwezi ikifika na fedha hazipo, mama hukopa pengine ili kulipa hapa, au huacha kununua dawa zake. Mtoa huduma anayemkuta mgonjwa wa shinikizo la damu aliyekatiza dawa kwa wiki mbili kila mwezi afikirie jambo hili kabla ya kumwita mkaidi.

Asiyeandikwa katika orodha

Huduma za afya nchini zimejengwa kwa hekima kuzunguka makundi yaliyo hatarini zaidi. Sera ya msamaha wa gharama huwataja wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Kliniki ya afya ya uzazi humhesabu mwanamke mwenye umri wa miaka 15 hadi 49, na tafiti za kitaifa za afya ya uzazi huwahoji wanawake wa umri huohuo. Kipimo cha VVU mara nyingi hutolewa katika ujauzito. Dawa za kichocho kwa miaka mingi zimegawiwa hasa kwa watoto wa shule.

Tazama sasa mama wa miaka 54. Hana mimba, hanyonyeshi, hasomi, na bado hajatimiza miaka 60. Kwa miaka 10 au zaidi hakuna mpango unaomwita kwa jina la umri wake. Miongozo hutaja pia magonjwa sugu kadhaa yanayostahili msamaha, lakini ni lazima ugonjwa ugunduliwe kwanza, na ili ugunduliwe ni lazima mtu apimwe. Miaka hiyo ambayo hakuna anayemtazama ndiyo miaka ambayo magonjwa mengi ya utu uzima huanza.

Ukomo wa hedhi na "malaria" isiyokwisha

Ukomo wa hedhi si ugonjwa. Ni hatua ya kawaida ambapo mifuko ya mayai hupunguza na hatimaye kuacha kutoa mayai, na homoni ya estrojeni hushuka. Kwa wanawake wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi, ikiwa hakuna sababu nyingine. Kabla ya hapo hupita kipindi cha mpito cha miaka kadhaa, ambapo hedhi huja mapema au kuchelewa, huwa nyingi au kidogo. Katika kipindi hicho mimba bado inaweza kutunga, hivyo asiyetaka mtoto aendelee na uzazi wa mpango. Hedhi inayokoma kabla ya miaka 40 inahitaji uchunguzi wa daktari.

Dalili inayosumbua wengi ni joto la ghafla linaloanzia kifuani na kupanda shingoni hadi usoni. Hudumu kwa dakika chache, moyo huenda mbio, jasho hutoka, kisha baridi hufuata. Likija usiku, usingizi hukatika na kesho yake mwili huwa mchovu. Katika mkoa ambao malaria bado ni tatizo kubwa, si ajabu joto, jasho na baridi vikaitwa malaria. Mama hununua dawa mseto dukani bila kupimwa, hapati nafuu, hununua tena.

Tofauti zipo. Joto la ukomo wa hedhi huja na kuondoka kwa dakika, hurudiarudia kwa miezi, na kipimajoto hakionyeshi homa. Malaria huleta homa inayopimika, maumivu ya viungo na udhaifu, na kipimo cha haraka cha damu huithibitisha. Hata hivyo mwanamke aliye katika kipindi cha mpito anaweza pia kupata malaria, hivyo kila homa ipimwe. Aidha, jasho la usiku linaloambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kukonda, ni sababu ya kupima kifua kikuu.

Dalili nyingine ni ukavu wa uke, maumivu wakati wa tendo la ndoa, maambukizi ya mara kwa mara ya njia ya mkojo, hasira za haraka na usahaulifu. Haya huathiri ndoa. Wapo waume wanaodhani mke amewachoka, na wapo wanaotumia hali hiyo kuhalalisha kuoa mke mwingine. Maelezo ya mtoa huduma kwa wenza wote wawili yanaweza kuokoa mengi. Vilainishi visivyo na manukato husaidia. Nguo nyepesi, chumba chenye hewa, na kupunguza pombe na chai kali nyakati za jioni hupunguza mawimbi ya joto. Dalili zikiwa kali, zipo tiba za homoni na zisizo za homoni, ambazo huanzishwa na daktari baada ya kuchunguza historia ya saratani, kuganda kwa damu na shinikizo la damu.

Estrojeni inaposhuka, mifupa nayo hupoteza uimara. Hapa wanawake wa ziwani wana bahati wasiyoitumia vya kutosha. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo ni chanzo kizuri cha kalisi na protini. Mama anayeuza magunia ya dagaa na kubakiza nyumbani mboga za majani pekee ajitengee walau sahani yake.

Jambo moja lisisahaulike: damu yoyote inayotoka ukeni baada ya miezi 12 bila hedhi, hata kama ni tone, ni sababu ya kwenda kuchunguzwa bila kuchelewa. Mara nyingi chanzo huwa ni kukonda kwa kuta za uke au uvimbe usio wa hatari, lakini inaweza kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, na hakuna ajuaye kwa kukisia. Wapo wanaofurahi wakidhani ujana umerudi. Mama wa mfano wetu alipaswa kuchunguzwa siku ileile.

Shinikizo la damu na kisukari

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takribani robo ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la juu la damu. Duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya wenye tatizo hili hawajui kuwa wanalo. Hatari huongezeka kwa wanawake baada ya ukomo wa hedhi. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kilichorudiwa siku tofauti mtu akiwa ameketi na kutulia kwa dakika 5, huashiria ugonjwa.

Lugha ya mitaani huleta utata. "Presha" humaanisha shinikizo la damu, na pia humaanisha mshtuko au wasiwasi: "Habari ile ilinipandisha presha." Kwa hiyo wengi huamini kuwa ugonjwa huu huja na kuondoka kulingana na mawazo, na kwamba dawa humezwa siku kichwa kinapouma. Ukweli ni kwamba shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili. Dawa humezwa kila siku, hata mtu anapojisikia mzima, kwani kazi yake ni kuzuia kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi na figo kuharibika. Kiharusi cha mama huyu si msiba wa mtu mmoja, kwa kuwa bibi wa miaka 80 na mjukuu wa miaka miwili hupoteza mlezi siku hiyohiyo.

Kisukari huambatana mara nyingi na shinikizo la damu. Kiu isiyokwisha, kukojoa mara nyingi, ganzi miguuni, vidonda visivyopona na fangasi za ukeni zinazorudi kila baada ya tiba ni ishara za kupima sukari. Kupunguza chumvi, sukari katika chai na mafuta, na kula mboga, matunda na kunde pamoja na ugali wa mtama au muhogo kwa kiasi, husaidia katika magonjwa yote mawili.

Saratani, VVU na kichocho

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Husababishwa na kirusi cha papiloma kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa kawaida huchukua miaka 10 hadi 20 kutoka maambukizi hadi saratani. Maana yake ni kwamba mwanamke wa miaka 50 anaweza kuwa anabeba matokeo ya maambukizi ya ujana wake, hata kama ni mjane wa miaka mingi. Asione aibu, wala asidhani kuwa kipimo hakimhusu. Chanjo iliyoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018 itawalinda wajukuu wake. Kinga iliyobaki kwake ni uchunguzi.

Uchunguzi wa kawaida kwa wenye umri wa miaka 30 hadi 50 hutumia asidi ya siki inayopakwa kwenye mlango wa kizazi. Mabadiliko ya awali huonekana kwa rangi nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo. Watoa huduma wakumbuke kuwa baada ya ukomo wa hedhi sehemu inayopaswa kuonwa hurudi ndani ya mlango wa kizazi, hivyo jibu la "salama" kwa njia hii haliaminiki sana. Mwanamke huyo apewe rufaa kwa kipimo cha kirusi chenyewe au cha seli. Matibabu ya saratani hupatikana katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Matiti nayo yachunguzwe: uvimbe usiouma, ngozi iliyobonyea au chuchu inayotoa damu havistahili kusubiri.

Kuhusu VVU, kuna makundi mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni wanawake waliomaliza kuzaa ambao hawajapima tangu mimba ya mwisho, labda miaka 15 iliyopita. Umri si kinga, na kupungua kwa unyevu ukeni huongeza michubuko na hatari ya maambukizi. La pili ni waliotumia dawa kwa miaka mingi na sasa wanafikia ukomo wa hedhi. Wingi wa virusi ukipimwa, shinikizo la damu, sukari na mlango wa kizazi vipimwe pia, kwani hatari ya saratani hiyo ni kubwa zaidi kwao.

Kichocho nacho hakijawaacha watu wazima. Kando ya Ziwa Viktoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo, ambacho kwa miaka mingi huharibu ini na kuvimbisha bandama, na huweza kuishia kwa kutapika damu. Kichocho cha mkojo hupatikana zaidi kwenye mabwawa, vijito na majaruba ya mpunga, nacho huweza kujeruhi uke na mlango wa kizazi, kikaleta uchafu na damu vinavyofanana na vya magonjwa ya zinaa. Mwanamke anayefua, kuchota maji na kusafisha vyombo majini kila siku yuko hatarini kuliko mwanafunzi anayeoga Jumamosi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya jumla iwafikie pia watu wazima katika maeneo yenye maambukizi mengi.

Moyo uliochoka

Sonona ni nadra kuingia zahanati kwa jina lake. Huja kama kichwa, mgongo, kifua kinachobana, usingizi uliopotea, au "mawazo mengi". Mama huchunguzwa malaria, hupewa dawa za maumivu, na hurudi baada ya wiki mbili. Maswali mawili yanaweza kufungua mlango: je, katika wiki mbili zilizopita umekuwa ukijisikia huzuni au kukata tamaa mara kwa mara? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyozoea kuyafurahia? Akijibu ndiyo kwa moja wapo, mazungumzo marefu yanahitajika. Kumuuliza mtu kama amewahi kufikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusaidiwa.

Ukatili pia uulizwe, faraghani. Mara ni miongoni mwa mikoa ambayo tafiti zimeonyesha viwango vya juu vya ukatili wa wenza, na mwanamke wa makamo hatajwi sana katika mjadala huo. Mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake, bibi anayesingiziwa uchawi kwa sababu moshi wa jikoni umeyafanya macho yake kuwa mekundu, mama anayetishwa na mdai mbele ya wakwe zake: wote hao wanaweza kufika zahanati wakilalamikia tumbo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na vituo vya polisi vina madawati ya jinsia.

Hatua za kuchukua

Kwa mtoa huduma:

1. Kila mwanamke wa miaka 40 na zaidi anayefika zahanati, hata kama amemsindikiza mgonjwa au kumleta mtoto, apimwe shinikizo la damu. Kazi hiyo haichukui muda mrefu.
2. Baada ya kumhudumia mtoto, aulizwe kwa heshima: "Shikamoo mama. Na wewe mwenyewe unaendeleaje?" Kisha asubiriwe ajibu.
3. Aulizwe wazi kuhusu damu baada ya ukomo wa hedhi, mkojo unaotoka bila kujizuia na kizazi kilichoshuka. Haya hayasemwi kwa hiari, hasa mbele ya kijana au mwanamume. Mazoezi ya misuli ya nyonga, pete ya kuegemeza kizazi na upasuaji ni tiba zilizopo.
4. Miadi ya dawa za kila mwezi ipangwe kwa kufuata siku za mwezi angani. Usiku wa giza mama ana fedha na hana muda. Siku za mbalamwezi ana muda na hana fedha. Apewe dawa za kutosha kuvuka siku hizo kila inapowezekana.
5. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezuru kaya kwa ajili ya mtoto au mzee amwandike pia mlezi wao.

Kwa mwanamke mwenyewe: upime shinikizo la damu walau mara moja kwa mwaka, na sukari kama mtoa huduma atakavyoelekeza. Uende kuchunguzwa mlango wa kizazi hata kama huna dalili. Usimeze dawa ya malaria bila kipimo. Usiazime dawa za presha za mama yako. Kabla ya kusaini mkopo, hesabu marejesho ya wiki za mbalamwezi. Jiunge na bima ya afya au mfuko wa afya ya jamii ungali mzima, na fuatilia utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 katika kijiji chako.

Kwa familia: kumtunza bibi ni wajibu wa wana wote, wa kiume na wa kike, walio kijijini na walio mjini. Mwana aliyeacha mtoto kwa mama yake atume matumizi kwa tarehe inayojulikana, na aongeze nauli ya mama kwenda hospitali. Mume amsindikize mkewe kliniki kama alivyosindikizwa yeye. Binti na wakwe wagawane zamu za usiku.

Mama wa mfano wetu atarudi zahanati mwezi ujao, kwa kuwa mjukuu anadaiwa chanjo nyingine na dawa za bibi zitakuwa zimekwisha tena. Kiti cha kupimia kipo, na mashine ya kupima shinikizo la damu ipo juu ya meza. Siku hiyo, baada ya mtoto kuchanjwa na daftari la bibi kuandikwa, aombwe aketi.